MJADALA: Mwanafunzi wa utabibu wa meno apimwe kwa idadi ya meno aliyong'oa?

Gego la Chini (mleta mada)
Wakuu, heshima kwenu. Nipo Mbeya, kazi yangu ni kusimamia wanafunzi wa diploma ya utabibu wa meno wanapokuja kliniki kwa mafunzo ya vitendo. Hoja hii ningeweza kuipeleka kwenye kikao cha walimu, ila nimeileta hapa makusudi kwa sababu meno yanayozungumzwa ni yenu.

Mwanafunzi akianza kliniki anakabidhiwa daftari. Ndani kuna jedwali: ung'oe meno kadhaa, uzibe kadhaa, usafishe vinywa kadhaa, na kila kazi isainiwe na msimamizi. Nilipo mimi, usipofikisha idadi huendi popote. Sasa daftari hilo linafundisha somo ambalo halimo kwenye mtaala. Anakuja mama kutoka Mbalizi, gego la kwanza la chini kushoto lina tundu juu, dogo tu. Jino halitikisiki, ufizi hauna usaha, na maumivu yanakuja akinywa maji ya baridi kisha yanakata palepale. Hilo ni jino la kuziba, hakuna ubishi. Mwanafunzi ananigeukia, na najua anachopigia hesabu: safu ya kuziba imejaa, ya kung'oa bado. Mama naye anasisitiza, "Ling'oe tu mwanangu, nisirudi tena hapa." Ukiwa na haraka siku hiyo, jino linatoka, daftari linasainiwa, na mtu mzima anaondoka na pengo ambalo halikuwa na sababu.

Ninachosema: idadi isiwe tena kigezo cha kufaulu. Mwanafunzi aeleze kwa nini jino hili litoke na lile libaki, halafu tuutazame mkono wake. Nawasilisha.

Baridi ya Makete
Mkuu Gego, unaongea ukiwa mjini. Ukikwama unamwita daktari wa chumba cha pili. Mimi nipo kituo cha afya huku Makete. Mzizi ukinivunjikia, mgonjwa anapanda gari hadi Njombe, au anapita Kitulo kuja huko kwenu Mbeya, na barabara za huku mwezi wa tatu unazijua.

Sindano ya ganzi ya taya la chini huipati kwa kueleza sababu. Unapapasa ukingo wa mfupa kwa kidole gumba, unaingiza sindano ukitokea upande wa pili wa kinywa, unagusa mfupa, unarudi nyuma kidogo, unavuta kuona kama damu inaingia kwenye bomba, ndipo unasukuma dawa taratibu. Ukishafanya yote hayo bado mdomo wa chini unaweza kugoma kufa ganzi, maana mfupa wa kila mtu umekaa kivyake. Na koleo nayo: ya magego ya juu kulia siyo ya kushoto, ncha yake moja imechongwa iingie kati ya mizizi miwili ya upande wa shavu. Nimepokea vijana waliohitimu wanaoijua hiyo picha kwenye kitabu na wanaishika kinyume mbele ya mgonjwa. Mkono unafunzwa kwa kurudia. Ukiondoa idadi, utaniletea wanafalsafa.

Mwaka wa Tatu
Shikamooni wakubwa. Naomba niongee kwa niaba ya wenye madaftari. Sitataja chuo. Kichwa cha bandia cha kufanyia mazoezi tunagombea, kwa hiyo mazoezi mengi ni meno yaliyokwisha kung'olewa, yamesimikwa kwenye jasi. Jasi haina ulimi, haina mate, hairuki ukiigusa vibaya. Tukiingia kliniki kila mmoja anakimbiza jedwali lake. Kuna wenzetu wanaenda stendi na sokoni kutafuta watu wenye meno mabovu, wengine wanawalipia mpaka nauli. Ikifika Ijumaa msimamizi amechoka, anasaini ukurasa mzima kwa mkupuo. Mtu amefikisha idadi, na hakuna siku hata moja aliyoambiwa kiwiko chako kimekaa vibaya.

Kwa hiyo kaka Baridi, kurudia tunarudia. Tunachokosa ni mtu wa kutuangalia.

Mama Tusa, Mwanjelwa
Wanangu, mimi siyo mtaalamu, nauza ndizi. Nilimpeleka mjukuu wangu kutibiwa jino, sitasema wapi. Wameingia vijana wanne na makoti meupe, mmoja akashika sindano, mtoto analia, mkubwa wao yupo mlangoni anaongea na simu. Hakuna aliyeniambia huyu ni mwanafunzi. Mngeniambia ningekubali, maana hata nyie mnatakiwa mjifunze kwa watu. Lakini nilitaka niulizwe, na huyo mkubwa asimame pale karibu na kiti. Hayo ya daftari mtajua wenyewe.

Fundi Rangi
Mnazunguka tu. Watu wanang'oa kwa sababu ni rahisi kuliko kuziba, na kutibu mzizi ndiyo usiseme. Mfuko ndio unaoamua.

Gego la Chini
Mama Tusa, shikamoo. Umesema jambo ambalo lilipaswa kuwa la kwanza kwenye mada yangu.

Fundi, hapo kwenye bei kuna kitu watu wengi hawakijui. Katikati ya miaka ya 1980, kwenye shule ya meno ya Muhimbili, Dar es Salaam, ambayo ilianza mwaka 1979, Mholanzi Jo Frencken na wenzake walianza kuziba meno bila mashine: unakwangua sehemu laini iliyooza kwa vifaa vya mkono, kimoja ni kama kijiko kidogo sana, kisha unajaza simenti ya glasi ayonoma na kuikandamiza kwa kidole kilichopakwa vaselini. Haihitaji umeme wala injini ya kuchimba, na mara nyingi hata sindano haihitajiki. Shirika la Afya Duniani liliipigia debe njia hiyo Siku ya Afya Duniani, tarehe 7 Aprili 1994, na mwaka 2021 simenti yenyewe ikaingizwa kwenye orodha ya dawa muhimu ya shirika hilo. Imezaliwa hapa Tanzania, wakuu! Inafanya vizuri zaidi tundu likiwa upande mmoja tu wa jino, na haifai kama uozo umeshafika kwenye kiini cha jino chenye mishipa au kuna usaha. Yule mama wa Mbalizi ilimfaa kabisa. Baridi, hata umeme ukikatika huko kwako unaweza kuifanya karibu na dirisha.

Mwalimu wa Gangilonga
Nipo Iringa, nafundisha afya ingawa siyo meno. Wote mnadai kupima, ila mnapima vitu tofauti. Mmarekani George Miller alipanga ngazi nne za kumpima mtabibu mwaka 1990: anajua, anajua namna, anaonyesha, anafanya. Daftari la idadi linajidai kupima ile ya nne, lakini kwa saini za Ijumaa halipimi hata moja. Na huu mtihani wa vituo ulioanzia Dundee mwaka 1975, ambapo mwanafunzi anazunguka meza moja baada ya nyingine na kila meza ina kazi yake na mtahini wake, unaishia ngazi ya tatu. Mbele ya mtahini kila mtu ananawa mikono.

Mimi nisingefuta idadi. Ningebadilisha kinachohesabiwa. Weka safu ya wagonjwa ambao mwanafunzi aliamua wasing'olewe, aandike sababu kwa mistari miwili, na akutane nao tena baada ya miezi michache aone jino linaendeleaje. Safu ya kung'oa ibaki na kiwango cha chini, kwa ajili ya huko Makete. MUHAS, chuo kikuu cha afya cha Muhimbili, walishahamia mwaka 2011 mitaala ya umahiri, yaani inayopima mtu anaweza kufanya nini, na mitaala ya NACTVET, baraza la elimu ya ufundi, nayo inajiita ya umahiri, kwa hiyo jina tunalo tayari.

Baridi ya Makete
Kiwango cha chini kikibaki, mimi sina ugomvi. Hiyo ya kukutana na mgonjwa baada ya miezi ndiyo naitilia shaka. Mtu wa Chunya aliyekuja mara moja na nauli ya kukopa hatarudi ili daftari la mtoto wa watu lijazwe. Na Gego, simenti unayoisifia huku kwangu huwa inaisha, naweza kukaa muda mrefu bila hata kopo moja. Kijana aliyefundishwa kuokoa jino akifika huku akakuta koleo tu, atafanyaje?

Gego la Chini
Angalau aandike kwenye kitabu cha wagonjwa kwamba jino lingeweza kuzibwa ila dawa haikuwepo. Leo linaandikwa "limeng'olewa" basi, na anayeagiza vifaa wilayani anaona koleo zinatosha.

Mwaka wa Tatu
Hilo nimelipenda. Ila swali dogo wakubwa: hilo daftari jipya likianza katikati ya mwaka, sisi ambao tumebakiza meno manne tunamaliza kwa lipi?