Nimehamia DSLR: ninunue lenzi gani kwanza?

Mwanga_Kigoma:
Wakuu, habari za jioni. Nilikuwa napiga kwa simu, sasa nimepata Canon EOS 2000D (DSLR, kamera ya kubadilisha lenzi) na lenzi yake ya 18-55mm (mm kubwa huvuta karibu zaidi). Kazi zangu ni harusi na kipaimara hapa Kigoma mjini, kumbi zenye taa hafifu. Natamani pia kupiga sokwe Gombe. Hela inatosha lenzi moja tu: 50mm f/1.8 STM au 55-250mm IS STM?

Ujiji_Picha:
Anza na 50mm, maana harusi ndiyo inayokulipa. Hiyo 18-55 ukiizumu mpaka mwisho haifunguki zaidi ya f/5.6 (namba ndogo ya f ni tundu kubwa zaidi), wakati f/1.8 inaingiza mwanga karibu mara kumi ya huo. Picha iliyokulazimisha ISO (usikivu wa kamera kwa mwanga) 6400 kwa shata ya 1/60 ya sekunde, ikatoka na chengachenga, utaipiga kwa ISO 1600 na 1/125.

Ila usiiachie f/1.8 muda wote. Ukisimama mita 2 kutoka kwa mtu, sehemu inayotoka kali, mbele hadi nyuma, haizidi sana sentimita 11. Bwana harusi atatoka vizuri, bibi harusi aliyesimama nusu hatua nyuma atatoka na ukungu, na hilo huwezi kulirekebisha kwenye kompyuta. Maharusi wawili wapige f/2.8, familia ya safu mbili f/4 au f/5.6. Fokasi chagua mwenyewe nukta ya katikati, iweke kwenye jicho lililo karibu nawe.

RelikatiTabora:
Naomba nipingane kidogo na mkuu hapo juu. Sensa (kipande kinachonasa picha) ya 2000D ina upana wa milimita 22.3 tu, kwa hiyo 50mm inabana. Ukiwa mita 4 kutoka kwa watu, fremu nzima inabeba upana wa kama mita 1.8, yaani watu watatu waliosogeleana. Kwenye sebule ya mahari utagota ukutani na shangazi wako nje ya picha! Hapo EF-S 24mm f/2.8 STM inafaa zaidi: umbali uleule inabeba mita 3.7. Inapitisha mwanga pungufu kuliko 50mm, lakini ni mara nne ya f/5.6.

Kabla ya kutoa hela, iweke 18-55 yako kwenye 50, uipige sherehe nzima bila kugusa pete ya zumu. Kesho yake rudia kwenye 24. Utajua mwenyewe.

Mwanga_Kigoma:
Asanteni sana. Na Gombe je?

Kibirizi_Mwaloni:
Ndugu, Gombe ni msitu, chini ya miti mwanga ni mdogo na flashi hairuhusiwi. 55-250 kwenye 250 inataka shata ya kama 1/400 ili mkono usitikise picha. IS (kizuia mtikisiko cha lenzi) inatuliza mkono wako, haimtulizi sokwe; akiwa anatembea usishuke chini ya 1/250. Manyoya yake meusi huidanganya kamera, ikaongeza mwanga hadi majani ya nyuma yakaungua (yakawa meupe tu), kwa hiyo weka kipimo cha kurekebisha mwangaza kwenye -2/3. Na lenzi badilisha ukiwa nchi kavu, siyo ndani ya boti maji yakikurukia. Kwa safari moja, bora uazime 55-250 kwa mwenzako kuliko kuinunua sasa.

Ujiji_Picha:
RelikatiTabora yuko sahihi kwa sebuleni, nakubali. Ukumbini kwenye nafasi bado nabaki na 50mm.

Ukinunua iliyotumika, washa tochi ya simu nyuma ya lenzi, angalia kwa mbele. Ukiona nyuzinyuzi kama za buibui, hiyo ni kuvu, iache hata wakipunguza bei. Halafu ifunge kwenye kamera, piga f/1.8 kisha f/8 kitu kimoja: ikitoa Err 01 (kamera na lenzi haziwasiliani vizuri), tatizo laweza kuwa kwenye viunganishi. Futa vile vya dhahabu kwa kitambaa kikavu, ujaribu tena, na ikirudia mrudishie muuzaji.

Nyumbani usiihifadhi kwenye begi lililofungwa kabatini. Tafuta kontena la plastiki lenye mfuniko wa mpira, weka ndani vipakiti vya silika vya kunyonya unyevu, uvibadilishe vikilowa, hasa masika.