Naomba ushauri: madeni ya korosho na hesabu za fizikia

Habari wakuu. Nipo Masasi, nimesoma fizikia, naandaa andiko la uzamili. Nataka kuchora mtandao wa madeni wa msimu wa korosho: AMCOS (vyama vya ushirika vya wakulima), maghala, wanunuzi wa mnadani, benki. Mnunuzi mmoja akikwama, nani anayumba baada yake?

Modeli ya Eisenberg na Noe ya 2001 inakokotoa hilo, ila lazima ujue nani anamdai nani, na benki hawatoi siri hizo (nilijaribu, nikaambulia chai). Kuna kukadiria madeni hayo kutokana na mizania kwa entropia ya juu kabisa (wazo la fizikia: kuyatawanya sawasawa kadiri jumla za mizania zinavyoruhusu). Hofu yangu: inasambaza madeni kwa kila mtu, wakati huku wanunuzi wakubwa wanahesabika. Hatari ya kuangushana si itaonekana ndogo kuliko ilivyo?

Aliyewahi kufanya hesabu kama hii, nianzie AMCOS au benki?