Tupeane uzoefu: Kuiboresha makala ya filamu ya Ringu katika Wikipedia ya Kiswahili

Mleta mada

Ndugu wahariri, salaam. Kwa miezi kadhaa nimekuwa nikiishughulikia makala kuhusu Ringu, filamu ya kutisha ya Kijapani iliyoongozwa na Hideo Nakata na kuanza kuonyeshwa nchini Japani tarehe 31 Januari 1998. Nilipoikuta ilikuwa mbegu, yaani makala fupi isiyokamilika, ya sentensi tatu, na mbili kati ya hizo zilikuwa na makosa. Ya kwanza ilimtaja Naomi Watts kuwa mwigizaji mkuu, ilhali yeye aliigiza katika toleo la Marekani la mwaka 2002 lililoongozwa na Gore Verbinski. Ya pili ilisema kwamba mwandishi wa habari anayeichunguza ile kanda ya video, ambayo anayeitazama hufa baada ya siku saba, ni mwanamume. Hilo ni kweli katika riwaya ya Koji Suzuki ya mwaka 1991, lakini katika filamu mwandishi huyo ni Reiko Asakawa, mama wa mtoto mmoja, aliyeigizwa na Nanako Matsushima.

Nilidhani ni kazi ya jioni moja. Kumbe kusahihisha jina ni jambo jepesi. Kazi kubwa ni kuzuia riwaya, filamu na toleo la Marekani visichanganyike tena katika kila aya inayoongezwa. Ilinibidi niitazame filamu upya kalamu ikiwa mkononi, nikiandika dakika ya kila tukio, kisha niisome riwaya katika tafsiri ya Kiingereza na kulinganisha. Chukueni tukio ambalo karibu kila mtazamaji hulikumbuka: Sadako, msichana aliyekufa ambaye laana yake imo katika kanda hiyo, anatoka kisimani, nywele zimemfunika uso, anakuja polepole hadi kwenye kioo cha televisheni, kisha anatambaa na kuingia chumbani. Tukio hilo halimo kabisa katika riwaya, lakini makala ilikuwa ikimsifu Suzuki kwa kulibuni. Nimelihamishia mahali pake, pamoja na jina la Hiroshi Takahashi aliyeandika mswada wa filamu, ambaye hakuwa ametajwa popote.

Naomba tupeane uzoefu: aliyewahi kuihariri makala hii au nyingine ya aina yake alikwama wapi, na alijikwamuaje?

Mchangiaji wa kwanza, Unguja

Mleta mada, ahsante sana kwa kulianzisha hili. Mimi nilikwama katika neno moja tu, nalo likanichukua wiki nzima: Sadako tumwiteje kwa Kiswahili? Wajapani wana neno onryō, yaani roho ya mtu aliyekufa na uchungu wa kudhulumiwa, ikarudi kulipiza. Mhariri aliyenitangulia alikuwa ameandika "jini". Huku kwetu msomaji akiona jini anaelewa kiumbe aliyeumbwa hivyo tangu mwanzo, si binadamu aliyefariki, na kwa neno hilo moja hadithi nzima inapinduka, maana uzito wake wote uko katika kwamba Sadako alikuwa msichana, akatupwa kisimani angali hai, akafia humo. "Pepo" lina shida ileile, tena linaleta fikra ya mtu kupandwa na kupungwa. "Mzimu" lilinivutia, ila wazee wengi wakilisikia huwaza wahenga wanaotambikiwa, na Sadako hatambikiwi na mtu.

Mwishowe nilichagua "mzuka". Ndani ya neno hilo mna kitendo cha kuzuka, na binti huyu kweli huzuka. Mahali pa kwanza niliandika onryō kwa herufi za mlalo na kulieleza kwa sentensi moja. Baada ya hapo nikatumia "mzuka wa kisasi" hadi mwisho wa makala. Sababu zangu niliziweka katika ukurasa wa majadiliano kabla ya kubadilisha chochote, nikasubiri siku kumi, na mpaka leo hakuna aliyelirudisha lile la jini. Nashauri wenzangu wafanye hivyo kila linapokuja neno la imani za watu: kwanza lijadiliwe, ndipo libadilishwe.

Mchangiaji wa pili, Eldoret

Langu ni fupi na bado linaniuma. Nilichukua muhtasari wa hadithi kutoka tovuti moja ya kibiashara ya filamu, nikautafsiri neno kwa neno, nikauweka. Ulifutwa siku hiyohiyo kwa sababu ya hakimiliki, na nilikasirika, kwa kuwa niliamini kutafsiri kunaifanya kazi kuwa yangu. Sivyo. Makala ya Wikipedia ya lugha nyingine inaweza kutafsiriwa kwa sababu leseni yake inaruhusu, mradi chanzo kitajwe katika muhtasari wa hariri, yaani maelezo mafupi ambayo mhariri huyaandika anapohifadhi mabadiliko. Maandishi ya mtu mwingine hayana ruhusa hiyo. Nikaandika upya kwa maneno yangu baada ya kuitazama filamu. Mwongozo wa Wikipedia ya Kiingereza unapendekeza maneno 400 hadi 700 kwa muhtasari wa filamu, nami nikajibana humo. Muhtasari wa sasa unaeleza pia jinsi Reiko anavyonusurika, kwa kuwa kamusi elezo haimfichii msomaji mwisho.

Mchangiaji wa tatu, Morogoro

Makala niliyoikuta mimi ilidai kwamba Ringu ni "kisa cha kweli". Dai hilo lina chembe ya ukweli iliyovimbishwa. Palikuwa na mwanamke wa Kumamoto aitwaye Chizuko Mifune, aliyedaiwa kuwa na uwezo wa kuona vilivyofichika, na mwaka 1910 Tomokichi Fukurai, msomi wa saikolojia wa Chuo Kikuu cha Kifalme cha Tokyo, alimfanyia majaribio mbele ya watu. Matokeo yalitiliwa shaka, magazeti yakamwandama, na mwaka 1911 alijiua. Anayemjua Shizuko, mama yake Sadako katika filamu, ataona kufanana mara moja: majaribio mbele ya waandishi, kisha fedheha, kisha kifo. Lakini kanda, kisima na siku saba ni ubunifu. Sentensi niliyoiacha inasema tu kwamba mhusika Shizuko anahusishwa na maisha ya Mifune, nayo ina tanbihi.

Nilitaka pia kuongeza kisa cha Okiku, mtumishi wa hadithi za kale za Japani ambaye hutupwa kisimani kwa sababu ya sahani moja kati ya kumi, na usiku sauti yake husikika ikihesabu hadi tisa. Kwangu mimi uhusiano na Sadako ulikuwa wazi kama mchana. Mhariri mwenzangu akaniuliza, "Nani amesema hivyo mbali na wewe?" Nilikaa na swali hilo siku kadhaa, nikiliona la ukali. Hatimaye nilipata kitabu cha uhakiki kinachojadili uhusiano huo, na ndipo aya ikaingia, ikiwa na jina la mhakiki ndani ya sentensi yenyewe.

Mchangiaji wa nne, Mombasa

Naongeza mawili tu. Majina ya Kijapani huja kwa mipangilio miwili, Nakata Hideo na Hideo Nakata, kwa hiyo tengenezeni ukurasa wa kuelekeza ili anayetafuta kwa mpangilio wowote afike. Na bango la filamu msilipakie Wikimedia Commons, hifadhi ya picha zilizo huru kutumiwa, kwani lina hakimiliki. Mimi nilitumia picha ya mlima Mihara wa kisiwa cha Izu Ōshima, volkeno ambayo Shizuko anatabiri mlipuko wake.

Mleta mada

Nimesoma yote, nashukuru. Usiku huu nimebadilisha "jini" mahali pawili ambapo lilikuwa bado limejificha, katika maelezo ya picha na katika kisanduku cha taarifa. Limebaki jambo la mwendo wa Sadako. Rie Inō, aliyemwigiza Sadako, alitembea kinyumenyume mbele ya kamera, kisha picha zikarudishwa nyuma, ndiyo maana hatua zake hazifanani na za mtu. Sentensi hiyo imo katika makala bila tanbihi. Sitaki kuifuta, kwa kuwa ndiyo inayomweleza msomaji kwa nini mwendo ule unamtisha. Aliye na mahojiano ya Nakata yaliyochapishwa anayoeleza hilo, naomba aweke jina la jarida, mwaka na ukurasa katika majadiliano ya makala, nami nitaiunganisha tanbihi kesho asubuhi.