Kuvisha ndege pete msimu wa kuhama: Long Point, Ngulia au Mida?

Nyota_ya_Kusi (Hamilton, Ontario)

Hamjambo wapenzi wa ndege. Kazini nimeruhusiwa kuchukua likizo yangu kwa namna mbili: yote Desemba nikija nyumbani Voi, au nusu yake Septemba huku huku Kanada na nusu Desemba. Nataka kujitolea kwenye kazi ya kuwavisha ndege pete wakati wanahama, yaani kuwanasa kwa wavu, kuwafunga mguuni pete ndogo yenye namba na kuwaachia, ili wakishikwa tena safari zao zijulikane. Sehemu ninazozifikiria ni tatu: Long Point kwenye Ziwa Erie, chini ya saa mbili kwa gari kutoka ninapoishi, Ngulia, ndani ya Tsavo Magharibi, na Mida, ile hori yenye mikoko pale Watamu.

Kwa darubini nawafahamu ndege wengi, lakini sijawahi kumtoa ndege wavuni. Ninachotaka ni kuijua kazi yenyewe hadi niaminiwe kuifanya. Wenye uzoefu, mngeanzia wapi?

Tsavo_Alfajiri (Mtito Andei)

Karibu dada. Mimi ni wa Ngulia, na nitaieleza vizuri kwa sababu wengi wameisikia juu juu tu.

Loji ya Ngulia imekaa ukingoni mwa mteremko mkali, kama mita 900 juu ya usawa wa bahari, na mbele yake kuna taa kali za kumulika wanyama wanaokuja kunywa maji. Ilipofunguliwa mwaka 1969 ikaonekana kwamba usiku wa ukungu, mwezi ukiwa haupo, ndege wanaosafiri gizani hushukia zile taa kwa wingi wa ajabu. Mwaka huo huo kazi ya pete ikaanza. Graeme Backhurst na David Pearson ndio walioibeba kwa miongo mingi, na ndege waliovishwa wamepita laki nne. Ukungu ukikaa vizuri, kundi linaweza kuvisha zaidi ya ndege elfu moja kati ya usiku na asubuhi.

Zingatia majira. Wahamaji hawa hawatoki Ulaya na kuja kwetu kwa mkupuo mmoja. Wanaondoka kwao kuanzia Agosti, wanakaa wiki nyingi Sudan na Ethiopia wakila na kunenepa, halafu Novemba na Desemba wanashuka kusini wakati mvua za vuli zimeshaotesha majani. Kwa hiyo huko Ontario nyavu zinapokunjwa, huku Tsavo ndiyo kwanza kazi inapamba moto. Tarehe hupangwa kwa kuangalia mwezi mwandamo, maana mbalamwezi ikiwaka ndege hupita juu bila kushuka.

Ndege utakayemshika zaidi ni Acrocephalus palustris, mdogo wa rangi ya majani makavu, uzito wake kama gramu 12. Ukimtazama tu utampuuza. Lakini dume wake akirudi Ulaya huimba kwa kuiga ndege wengine, na watafiti wa Ubelgiji walikuta kwamba zaidi ya nusu ya sauti anazoiga ni za ndege wa Afrika. Yaani mtu amesimama shambani Ubelgiji anasikia ndege wa kwetu. Utamshika pia Luscinia luscinia, mwimbaji wa usiku, na Acrocephalus griseldis, ambaye huzaliana hasa kwenye mabwawa ya kusini mwa Iraki. Mabwawa yale yalikaushwa sana miaka ya 1990, na ndege huyu sasa yuko hatarini kutoweka. Sehemu za dunia ambako unaweza kumshika mkononi kila msimu ni chache mno, na Ngulia ni mojawapo.

Gharama ipo: ada ya kuingia hifadhini, malazi, usafiri kutoka barabara ya Mombasa. Usingizi ni haba. Na nyavu ziko kwenye pori lenye nyati na tembo, kwa hiyo huendi wavuni peke yako gizani, hata ukiwa mwenyeji. Kundi ni dogo na hupangwa mapema. Usifike getini ukitegemea kupokelewa.

Bundi_wa_Maziwa (Kitchener, Ontario)

Nakubaliana na kaka yangu wa Mtito kuhusu utamu wa Ngulia. Ila swali la dada ni aanzie wapi, na kwa mtu ambaye hajatoa ndege wavuni jibu langu ni Long Point.

Ndege elfu moja kwa asubuhi moja si darasa. Kila anayeshika ndege pale lazima awe tayari anajua, kwa sababu ndege aliyekaa muda mrefu kwenye kifuko cha kitambaa akisubiri zamu yake anapoteza nguvu anazohitaji safarini. Kujifunza kunataka asubuhi zenye ndege wachache, na mwalimu aliyesimama begani kwako. Unajifunza kwanza kuuliza ndege ameingia upande gani wa wavu. Kisha unaanza na miguu, unafuata mbawa, na kichwa mwisho. Unajifunza kumshika shingo ikiwa katikati ya kidole cha shahada na cha kati, kiganja kimefunika mgongo bila kumbana, kwa sababu ndege hupumua kwa kutanua kifua, na ukimbana kifua unamuua. Hili halisomwi kitabuni likaeleweka. Linaingia vidoleni polepole.

Long Point ni ulimi wa mchanga wa kilomita 40 hivi unaoingia ndani ya ziwa. Kituo cha ndege pale kilianzishwa mwaka 1960, ndicho cha kwanza kabisa katika mabara ya Amerika, na tangu zamani kinaendeshwa kwa nguvu za watu wa kujitolea, wakiwemo wasio na uzoefu. Kuna vituo vidogo kadhaa. Kile cha nchani kinafikiwa kwa boti, na mnalala huko huko, mnapika wenyewe. Ukijitolea kwa wiki kadhaa mfululizo wanakuthamini zaidi kuliko mtu wa wikendi, na ni haki yao, maana kumfundisha mtu kunakula muda wao.

Septemba ni ya ndege wadogo wala wadudu. Akipita Setophaga striata mwangalie vizuri: kwa kawaida ana gramu 12 hivi, lakini kabla ya kuvuka Bahari ya Atlantiki kwenda Amerika Kusini hujaza mafuta hadi uzito wake unakaribia kuwa maradufu. Ukimpuliza manyoya ya koo unayaona mafuta yenyewe, ya manjano, chini ya ngozi. Mimi kila nikiyaona nasimama kidogo. Oktoba huja bundi wadogo wa kaskazini, wanaoshikwa usiku kwa kuwachezea sauti iliyorekodiwa ya wenzao.

Mwanamikoko (Gede)

Naona Mida imetajwa halafu ikaachwa nje mlangoni. Dada, kama kwenu ni Voi, Mida ni jirani yako, na ina jambo ambalo hizo nyingine hazina: msimu mrefu. Ndege wa ufukweni wanaotoka kaskazini wako kwetu kuanzia Septemba hadi Aprili. Ngulia ukikosa ukungu ndani ya zile wiki zako, umekosa hadi mwaka ujao. Sisi tunafuata maji, na maji ya bamvua yanarudi kila baada ya wiki mbili.

Kazi hufanyika usiku wa giza. Nyavu husimamishwa kwenye tope maji yakiwa yametoka, kisha bahari inapojaa ndege wanasogezwa kutoka walikokuwa wakila, wanaruka chini chini kutafuta pa kupumzika, wananasa. Hapo ni mbio, maana maji yanapanda na ndege hawezi kuachwa wavuni maji yakamfikia. Unatembea tope la magoti, taa kichwani, vifuko vya kitambaa vimening'inia shingoni. Shirika la uhifadhi la A Rocha Kenya, wa Watamu, wamefanya kazi hii miaka mingi, na vijana wa vijiji vinavyozunguka mikoko wamejifunza humo, wengine leo ni waongozaji watalii wa ndege wanaotegemewa.

Tunapata Calidris ferruginea aliyezaliana kwenye tundra ya Siberia, na Xenus cinereus mwenye mdomo uliopinda juu. Halafu kuna Dromas ardeola, mweupe na mweusi, mdomo mnene wa kuvunjia kaa. Huyu hatoki Ulaya. Anazaliana kwenye fukwe na visiwa vya Bahari ya Shamu, Ghuba na Oman, anachimba shimo refu mchangani na kutaga yai moja tu ndani. Njia yake ni ile ile ya majahazi ya babu zetu, na anakuja na kaskazi kama wao. Huyo mimi nampenda kuliko wote, sifichi.

Kwa anayeanza, uzuri wa Mida ni kwamba ndege wa ufukweni ni wakubwa kidogo na hawajisokoti wavuni kama wale wadogo wa msituni. Ubaya ni giza na maji, hakuna nafasi ya mwalimu kukueleza mara mbili. Lakini kubeba vifuko, kuandika na kushika mizani unaweza kuanza usiku wako wa kwanza.

Tsavo_Alfajiri (Mtito Andei)

Bundi, hapo kwenye kujifunza umenishinda, nakubali hoja. Ila nisisitize kitu Mwanamikoko alichogusa: mwandishi. Ngulia mtu anayeandika vizuri ana thamani kubwa. Namba ya pete, aina, umri, urefu wa bawa, uzito, saa. Wavishaji wanne wanakutajia kwa pamoja na wewe usichanganye. Namba moja ikikosewa, yule ndege akishikwa Saudi Arabia au Urusi atakuwa na historia ya ndege mwingine.

Na dada ajue kwamba ujuzi wa kupima umri hautahama wote. Huko Amerika wanalowesha manyoya ya utosi na kuangalia kama fuvu limekomaa, na wana vifupisho vyao. Huku tunafuata utaratibu wa namba unaotumika Ulaya, na kwa wahamaji wetu tunaangalia zaidi kuchakaa kwa manyoya na rangi ya macho. Mikono itahama. Macho utayafundisha upya.

Mwalimu_wa_Pangani (Tanga)

Shikamooni wakubwa, wengine habari zenu. Nina swali la pembeni. Wanafunzi wangu mwaka juzi waliletewa na mvuvi mguu wa ndege wenye pete ya chuma. Mvuvi alitaka kujua kama inauzwa. Tulikosa pa kuipeleka. Tungefanya nini?

Mwanamikoko (Gede)

Mwalimu, marahaba. Haiuzwi, na mvuvi aambiwe hivyo kwa upole, maana akidhani ina bei kesho atawatega. Soma maandishi yote kwenye pete: jina la nchi au makumbusho, kisha herufi na namba. Piga picha pande zote. Andika mahali, tarehe, na jinsi ndege alivyopatikana, kama alikuwa amekufa, amenasa au ameuawa na paka. Kila pete ina anwani fupi. Pete za Kenya zina ya makumbusho ya Nairobi, na ukiwapelekea taarifa wataitafuta hata kama ni ya nchi nyingine. Kama ndege yu hai, soma namba umwachie aende na pete yake.

Nyota_ya_Kusi (Hamilton, Ontario)

Asanteni sana, nimesoma kila neno. Nimeamua kugawa likizo. Septemba nitaomba Long Point wiki zote nitakazopata, nikae hadi vidole vielewe. Desemba nikifika Voi nitaanza na Mida, kubeba na kuandika. Ngulia nitawaandikia mapema kuomba nafasi ya mwandishi. Wakisema mwaka huu kundi limejaa, nitaomba ya mwaka unaofuata. Kaka wa Mtito, mwezi mwandamo wa Desemba ndio wanaoupendelea, au ule wa Novemba?

Tsavo_Alfajiri (Mtito Andei)

Hutegemea mwezi umeangukia tarehe gani. Ukiandama kati ya mwisho wa Novemba na katikati ya Desemba, huo ndio wenyewe. Waandikie sasa, kabla hujaenda Long Point, na uwaambie wazi kwamba hujawahi kutoa ndege wavuni lakini utakuwa umefundishwa ukifika. Uje na taa ya kichwani yenye mwanga mwekundu, sweta kwa sababu ule mlima una baridi usiku, na penseli nyingi. Kalamu ya wino haiandiki kwenye karatasi iliyolowa ukungu.