Bima ya afya Ujerumani: mwanafunzi mwenye familia achukue ya umma au ya binafsi?

Mgogo_Msafiri:
Wakuu, habari zenu. Nimepata nafasi ya shahada ya uzamili Leipzig, naanza muhula wa Oktoba. Nina miaka 28. Mke wangu ni mjamzito, miezi mitatu sasa, na tumepanga anifuate viza yake ikitoka, Mungu akijalia kabla hajajifungua. Wakala aliyenisaidia makaratasi ananisukuma nichukue bima ya kampuni binafsi, yuro 38 kwa mwezi. Ya umma kwa mwanafunzi naona inafika kama 145. Kwa mtu atakayeishi kwa ile akaunti ya benki inayotakiwa kwa viza, inayotoa yuro 992 kwa mwezi, tofauti hiyo ni kubwa. Mlioko huko mnanishauri nini?

MamaNesi_LE:
Mdogo wangu, hongera kwa chuo na hongera kwa mtoto. Hiyo karatasi ya wakala usiisaini kwanza.

Nafanya kazi wodi ya wazazi hapa Saksonia, na hiyo bei ya mwezi ndiyo inayowaponza vijana wetu. Mwanafunzi aliye chini ya miaka 30, sheria inamweka kwenye bima ya umma. Ukitaka ya binafsi lazima uombe kuachiliwa, wenyewe wanaita Befreiung, ndani ya miezi mitatu tangu wajibu wako wa bima uanze. Ukishaachiliwa huwezi kurudi tena mpaka umalize masomo. Usidhani utajaribu muhula mmoja kisha ubadilishe. Na siku ukimaliza, ukawa unatafuta kazi, aliyekuwa umma anaendelea kwa hiari yake (ni zaidi ya yuro 200 kwa mwezi, lakini anapokelewa), wakati aliyekuwa binafsi anahangaika mpaka apate ajira.

Sasa mfikirie mkeo. Kwenye bima ya umma, mke asiye na kipato na watoto wote wanaingia chini yako bila kuongeza hata senti. Akipata kipato, kikomo kwa mwaka 2025 kilikuwa yuro 535 kwa mwezi, au 556 kama ni kibarua cha malipo madogo kinachoitwa minijob. Akishakuwa na makazi hapa, mimba haimzuii, wala hakuna miezi ya kusubiri. Kliniki, kujifungua, na mkunga anayekuja nyumbani kwenu baada ya uzazi kuangalia kitovu cha mtoto, mshono wa mama na jinsi mtoto anavyonyonya, vyote vimelipiwa. Hizo bima za yuro thelathini na kitu mara nyingi ni za wageni wa muda. Fungua masharti, tafuta kipengele cha ujauzito. Nyingi hazilipii mimba iliyotungwa kabla ya bima kuanza. Uzazi usio na bima hapa ni maelfu ya yuro, na mtoto akizaliwa njiti bili inapanda kila siku anayolala pale.

Kuna jambo jingine linalotuhusu sana sisi. Kila mtoto anayezaliwa hapa huchomwa kisigino na kutolewa matone ya damu, na tangu Oktoba 2021 kipimo hicho kinatafuta selimundu pia. Kila nikikishuhudia nafurahi kwa ajili ya watoto wetu. Bima ya umma haimkatai mgonjwa wa selimundu, pumu wala kisukari, na haimtozi zaidi. Kampuni binafsi humpa mtu mzima fomu ndefu ya historia ya afya, kisha humwongezea bei au humkataa.

Injinia_Munich:
Shikamoo Mama Nesi. Kwa mwanafunzi sina la kuongeza, umesema yote. Ila bima binafsi husemwa vibaya kuliko inavyostahili, ngoja niitetee kidogo.

Mimi ni mwajiriwa. Huku mwajiriwa hatoki umma mpaka mshahara wake uvuke kikomo, na kwa 2025 kilikuwa yuro 73,800 kwa mwaka kabla ya makato. Nilipovuka, nikahama. Ukipiga simu kwa daktari wa ngozi, mpokezi anakuuliza kwanza: umma au binafsi? Mimi napewa miadi wiki hiyohiyo. Rafiki yangu wa umma, kliniki ileile, aliambiwa asubiri zaidi ya miezi miwili. Sio haki, lakini ndivyo mambo yalivyo, na anayehama lazima alijue hilo.

Nilihama kwa kuwa sina mke wala mtoto, na sina ugonjwa wa kudumu. Umma wanakata asilimia ya mshahara: 14.6, pamoja na nyongeza ya kila mfuko wa bima, ambayo wastani wake kwa 2025 ulikuwa 2.5, na mwajiri analipa nusu. Binafsi hawaangalii unapata kiasi gani, wanaangalia umri na afya yako ulipojiunga, kisha bei hupanda kadiri miaka inavyokwenda. Kila mtoto analipiwa peke yake. Na ukishafikisha miaka 55, kurudi umma ni karibu haiwezekani. Kama ningekuwa na mke anayekaribia kujifungua, nisingehama.

MamaNesi_LE:
Marahaba. Foleni za umma ni kweli zipo, lakini kuna njia ambayo wageni wengi hawaambiwi. Jisajili mapema kwa daktari wa familia, Hausarzt. Akiona shida yako haiwezi kusubiri, rufaa yake anaibandika namba maalumu ya uharaka. Ukiwa na namba hiyo unapiga 116117, na wanatakiwa wakupatie miadi ya bingwa ndani ya wiki nne. Huchagui daktari, na pengine utapanda treni kwenda mji wa jirani, lakini utaonwa. 116117 hiyohiyo ndiyo ya usiku na wikendi, unapoumwa lakini si hali ya kufa na kupona. Ikiwa ni ya kufa na kupona, piga 112.

Achieng_HH:
Hamjambo wadau. Mimi ni Mkenya, niko Hamburg, nimeonja zote mbili. Nilipokuja kama au pair, yaani kijana anayekaa na familia na kuwatunzia watoto, nilikatiwa bima binafsi ya wageni. Jino likaniuma. Nikalipa daktari kutoka mfukoni kwanza, nikatuma bili, kampuni ikakaa nayo wiki kadhaa, mwishowe wakarudisha sehemu tu, eti jino lilikuwa bovu kabla sijaja. Kwa msichana aliyekuwa akitegemea pesa za mfukoni za au pair, hilo liliniumiza kuliko jino lenyewe.

Sasa niko kwenye mafunzo ya uuguzi, na huku mwanafunzi wa ufundi ni umma kwa lazima. Natoa kadi, inasomwa kwenye mashine, imeisha. Hata dawa siku hizi ni hivyohivyo: tangu Januari 2024 daktari huandika kielektroniki, unaingia duka lolote la dawa, unachomeka kadi, mfamasia anaona ulichoandikiwa. Dawa nyingi unachangia kati ya yuro 5 na 10, na watoto walio chini ya miaka 18 hawachangii. Sisi tuliozoea kukatwa 2.75% ya SHA, bima ya afya ya Kenya, payslip ya kwanza huku inashtua, lakini mimi mwenyewe sijawahi kuijutia bima ya umma.

Mahali umma ni dhaifu ni meno na miwani. Miwani ya mtu mzima kwa kawaida unajinunulia. Meno ya bandia au kofia ya jino, mfuko unalipa 60% ya matibabu ya kawaida, na ukienda kukaguliwa kila mwaka bila kuruka kwa miaka mitano inakuwa 70%. Wengi wetu tunabaki umma halafu tunakata bima ndogo ya nyongeza ya meno tu. Kwangu mimi huo ndio mpango bora kuliko yote.

Babu_Kizazi:
Na sisi tuliovuka miaka 30? Nina 33 na nimepata nafasi ya kusoma Bremen.

Injinia_Munich:
Bei ya mwanafunzi ya umma inakoma ukifika 30, na anayetoka nje ya Ulaya bila historia ya bima hapo nyuma kwa kawaida hapokelewi kwa hiari. Wengi wa umri wako hubaki na binafsi. Basi tafuta yenye matibabu kamili inayokubalika na ofisi ya uhamiaji, uone inasema nini kuhusu magonjwa uliyonayo tayari, na uangalie kama ina ukomo wa miaka. Ukipata ajira ya kawaida chini ya kile kikomo cha mshahara, unaingia umma moja kwa moja.

Mgogo_Msafiri:
Asanteni sana, nimekwishamwambia wakala hapana. Je, siku za kati ya kutua na kusajiliwa chuo inakuwaje? Na mama watoto aandae nini?

MamaNesi_LE:
Kwa siku hizo kata bima ya safari ya wiki chache, na hata ubalozi watataka kuiona. Ya umma omba mtandaoni ukiwa hukohuko Dodoma. Mifuko ya umma ya TK, AOK, Barmer na DAK yote inapokea wanafunzi wa kigeni, na mfuko utatuma taarifa chuoni wenyewe. Mkeo akifika, jaza fomu ya bima ya familia, uwe na cheti cha ndoa kilichotafsiriwa.

Asichelewe kusafiri: mashirika mengi ya ndege hutaka barua ya daktari kuanzia wiki ya 28, na karibu na wiki ya 36 hayambebi. Aje na kadi ya kliniki, majibu ya vipimo vyote, kundi la damu na chanjo za pepopunda. Mkunga anza kumtafuta sasa hivi, hata kabla hajapata viza, maana hapa Leipzig wanajaa mapema. Mkalimani hospitalini halipiwi na bima, kwa hiyo tafuteni mtu anayejua Kijerumani wa kwenda naye. Na yeyote kati yenu akipata homa baada ya kuja, mwambieni daktari bila kusubiri aulize kwamba mmetoka eneo lenye malaria, mdai kipimo siku hiyohiyo. Ukikwama kwenye fomu niandikie inboksi, nitakuelekeza ukurasa kwa ukurasa.