Mrejesho: Kuandika kwa kutegesha dakika

Wakuu, mwezi uliopita nililalamika kwamba tasnifu imekwama sura ya tatu. Kila nikifungua kompyuta naishia kufuta vumbi la Dodoma kwenye kioo. Mkanishauri nitegeshe saa dakika 25, niandike bila kusimama wala kufuta, kisha nipumzike 5. Naleta majibu.

Siku ya kwanza nilichemka. Nilitegesha kwenye simu, na simu hiyohiyo ikanivuta WhatsApp dakika ya sita. Nikaenda soko la Majengo kununua saa ya mezani yenye kengele, simu nikawa namwachia dada wa genge hapo nje (alicheka huyo!). Kumbe hata Francesco Cirillo, Mwitaliano aliyebuni mtindo huu miaka ya 1980, alianza na saa ya jikoni yenye umbo la nyanya.

Kilichonisaidia hasa ni lile sharti la kutofuta. Sentensi mbovu inabaki ilivyo, nairekebisha jioni. Raundi moja hunipa maneno 200 hadi 300, mengine pumba tupu, ila napiga raundi nne kabla jua la Nkuhungu halijachoma bati. Kwenye uchambuzi wa data dakika 25 zilikuwa chache, nikapandisha hadi 40. Marejeo nayafanya bila saa, huko haisaidii kitu.

Aliyesema niandike na mwenzangu: tulijaribu, tukaishia kula zabibu na kupiga soga.

Sura ya tatu nimeikabidhi Ijumaa. Msimamizi bado hajajibu.