Mke wangu mjamzito damu iko chini, kaambiwa ale "mlo kamili". Unapangwaje kwa elfu 8 kwa siku?

BodaMbagala
Wakuu habari zenu. Mke wangu ana mimba ya miezi mitano, juzi kapimwa damu kliniki ikasoma 9.6, kapewa vidonge vya FEFO, vile vya madini chuma vya kuongeza damu, akaambiwa nenda kale mlo kamili, basi, foleni ilikuwa ndefu hakuna aliyemfafanulia. Kafika nyumbani ananiuliza mlo kamili ndo upi, nikabaki namwangalia tu. Mimi ni bodaboda, hela ya kula naacha elfu 8 kwa siku, tupo watatu na mtoto wa miaka minne. Asubuhi chai ya rangi na chapati au mihogo, mchana wali maharage, usiku ugali na mchicha kidogo au kabichi, nyama labda jumapili. Matunda mara mojamoja sana. Mtaani wananiambia nimnunulie soda achanganye na nyanya ya kopo, eti inapandisha damu fasta. Roho inaniuma nikimwona anahema kwa kubeba ndoo tu, naombeni msaada.

mamaZai
Pole ndugu yangu. Mimi mimba ya pili ilisoma 8.9 kwahiyo najua. Anza na hiyo chai. Chai ikiandamana na chakula inazuia madini chuma ya kwenye maharage na mboga yasiingie mwilini, na vidonge hivyohivyo. Mi nilimeza dawa na chai mwezi mzima damu haikusogea, mpaka nesi mmoja mtu mzima akaniuliza "mwanangu, unamezea nini?" Nikahamishia chai saa 4 peke yake, dawa namezea maji halafu chungwa juu yake. Chungwa, pera, embe, hata limao la kukamulia kwenye maharage, vitamini C inasaidia chuma kuingia. Na hivyo vidonge asiache hata vikimchafua tumbo, 9.6 chakula peke yake hakitoshi, wajawazito wanatakiwa wawe 11 kwenda juu.

Jikoni_kwetu
Mkuu mlo wako sio mbaya kama unavyodhani, maharage unayo tayari. Tatizo ugali mlima, mboga kijiko. Punguza wanga, mboga za majani zijaze karibu nusu ya sahani, halafu ongeza dagaa. Chukua wa kupima sokoni, chambua mchanga, osha na maji ya moto, kaanga na kitunguu na nyanya, awale wazima na mifupa yake maana kalsiamu iko humo na mtoto tumboni anajenga mifupa. Mchicha usichemshe ukamwaga maji, weka karanga za kutwanga, vitamini A ya kwenye majani inahitaji mafuta kidogo. Unga nunua dona, sembe imekobolewa kiini na pumba vyote vimeondoka. Maini sawa ila yasiwe ya kila siku kwa mjamzito, yana vitamini A nyingi mno.
Hiyo soda achana nayo jamani. Chupa ya 350 ml nyingi zina sukari kama gramu 35, vijiko vya chai karibu 9, na damu haiongezi. Hiyo hela bora uikusanye ununue mayai.

nesi_mstaafu
Wamekushauri vizuri wanangu. Niongeze moja, muulize taratibu, bila kumfokea, kama anakula udongo. Ule wa vipande unaouzwa sokoni. Wajawazito wengi wenye upungufu wa damu wanautamani na wanaona aibu kusema, na udongo nao unazuia chuma, mwingine una mayai ya minyoo. Na huko kuhema mrudishe kliniki usisubiri tarehe, wamwangalie malaria na minyoo, maana damu ikiwa inaliwa huko ndani utapika dagaa mpaka uchoke.

BodaMbagala
Mama shikamoo. Nimemuuliza usiku huu, kanyamaza kidogo halafu kafungua pindo la kanga akanionyesha vipande vitatu, anasema anakula tangu mwezi wa tatu wa mimba. Hatujagombana. Kesho nampeleka kliniki asubuhi kabla sijaingia kijiweni, nikirudi napitia sokoni, dagaa, mchicha mafungu mawili, machungwa ya buku. Mamazai, chai nimeshamwambia saa 4, kakubali kwa shida.